Mkuku wa Pwani katika Maji ya Nyanza

Sisi watu wa visiwani tumelisifu sana tanga, na mkuku tumeusahau. Hali hii inaeleweka, kwani tanga huonekana na mkuku hukaa majini. Lakini tanga peke yake hukipeleka chombo kule tu upepo unakotaka. Kinachokiwezesha kwenda joshi ni kile kilichozama, kinachoyashika maji ili chombo kisisukumwe ubavuni.

Mafundi wa mwambao walilitatua jambo hili kwa njia mbili. Jahazi walilipa mkuku mrefu. Ngalawa, ambayo ni gogo jembamba lililochongwa, waliitia marengu, na katika ncha zake wakafunga mbao zilizokaa mshazari. Katika Pasifiki marengu huishia kwenye magogo yanayoelea. Kwetu ubao wa pembeni hukata maji, na ngalawa ikilala upande, huyasukuma na kuiinua. Mshazari ukikosewa, ubao huwa breki.

Mizani hiyohiyo iliwafikia wapanda mawimbi wa Hawaii. Mbao zao ndefu ziliteleza ovyo hadi mwaka 1935, Mmarekani Tom Blake alipokaza pezi chini ya ubao wake. Hata leo mwenye ubao mrefu hana budi kuchagua: pezi moja kubwa limshikie njia, au la kati lenye mawili madogo ubavuni, apate kugeuka upesi. Kinachoshika sana hakigeuki upesi, na kinachogeuka upesi hakishiki sana.

Sasa tuelekee bara. Kalemela, wilayani Busega, Mkoa wa Simiyu, iko katika nchi inayopakana na Ghuba ya Speke ya Ziwa Nyanza. Ziwa lilikuwa na ufundi wake kabla ya Mswahili kufika. Mtumbwi wa Ssese ulikuwa na mkuku wa gogo moja, mbao zikashonwa juu yake, na nguvu yake ilikuwa kafi. Wafanyabiashara wa pwani ndio walioleta umbo la jahazi na tanga lake la pembetatu.

Mmoja wao ni Songoro, aliyeunda jahazi Ukerewe. Stanley alimkuta katika ghuba hii mwaka 1875, alipoishusha majini mashua yake Lady Alice huko Kageyi, baada ya wapagazi kuibeba vipande vipande tangu pwani. Mwaka 1877 wamishonari wa Kiingereza wa CMS walilinunua jahazi la Songoro. Ukazuka ugomvi kati yake na Lukonge, mtawala wa Ukerewe, na mwezi Desemba Songoro akauawa pamoja na wamishonari wawili, Shergold Smith na O'Neill.

Habari za vifo hivyo zimeandikwa sana. Lakini nani alichagua mti wa mkuku katika msitu asioujua, mbali na mikoko na misaji aliyoizoea? Nani alipima kina chake kwa maji yasiyo na chumvi, yasiyo na kusi wala kaskazi ya bahari? Wasafiri walijali zaidi wafalme na wenye mali kuliko mwenye tezo.

Wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi. Jahazi lile lilikwenda, kwa mkono wa fundi. Tunapoandika historia ya pwani na bara, tumtafute yeye pia. Kazi yake imekaa chini ya maji muda mrefu mno.