Cheni ya taimingi ya Toyota 22R, kuibadilisha nyumbani

Cheni ya taimingi huunganisha krenki na kemshafti ili valvu zifunguke na kufungwa kwa wakati wake. Krenki ikizunguka mara mbili, kemshafti huzunguka mara moja. Cheni ikiruka hata jino moja, mpangilio huo huvurugika. Makala haya yanahusu kuibadilisha kwenye 22R, injini ya petroli ya Toyota yenye silinda nne na ujazo wa cc 2366, iliyotengenezwa kuanzia 1981 hadi katikati ya miaka ya 1990 kwa ajili ya magari kama Hilux, Celica na 4Runner. Toleo lake la 22R-E hutumia sindano za kielektroniki badala ya kabureta, lakini upande wa cheni kazi ni ileile.

Kinachoharibika kwanza kwa kawaida si cheni, bali reli zinazoiongoza. Injini iliyotangulia, 20R, pamoja na 22R za mwanzo, zilikuwa na cheni ya safu mbili. Baada ya mabadiliko ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikaja cheni ya safu moja inayopita kati ya reli za plastiki. Kikaza cheni husukumwa na presha ya oili, kwa hiyo gari lililolala usiku kucha huwaka cheni ikiwa bado imelegea, nayo huipiga reli ya upande wa kushoto wa gari. Miaka ikipita plastiki hukauka na kukatika. Hapo cheni huanza kusaga kifuniko chake cha aluminiamu, ambacho ndani yake mnapita njia ya maji.

Dalili ya mapema ni mlio wa kukwaruza kwa sekunde chache asubuhi, halafu kimya. Ukifungua kifuniko cha valvu na kumulika chini kwa tochi, utaona kama reli ipo au imebaki skrubu tu. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, huenda kifuniko kimetoboka. Gari la namna hiyo lisiendeshwe hata hadi gereji, maana maji hayalainishi beringi.

Kazi huanza kwa kutenganisha betri, kumwaga maji na oili, kisha kutoa rejeta, feni na mikanda. Krenki huzungushwa kwa kufuata mshale wa saa, ukiitazama injini kwa mbele, hadi pistoni ya kwanza ifike juu kabisa kwenye mgandamizo. Mahali rota ya distributa inapoelekea huwekewa alama kabla haijang'olewa. Bolti ya puli ya krenki imekazwa kwa zaidi ya Nm 150, hivyo huhitaji spana yenye mpini mrefu na mtu wa kukanyaga breki gari likiwa kwenye gia. Wapo wanaoilegeza kwa kupiga stata huku spana imeegemezwa kwenye chasisi. Ni haraka, na pia ni njia nyepesi ya kuvunja mkono.

Pagumu ni kifuniko cha cheni. Juu kimebanwa na hedi, chini na sampu, na ipo bolti moja ambayo wengi huisahau: imejificha mbele ndani ya hedi, chini ya giya ya distributa, mara nyingi ikiwa imezama kwenye dimbwi la oili. Kifuniko kinachogoma kutoka kisipigwe nyundo. Itafutwe bolti hiyo kwanza. Asiyetaka kung'oa hedi hutenganisha gasketi yake na kifuniko kwa kisu chembamba, taratibu, na wakati wa kurudisha hupaka silikoni kwenye pembe zinapokutana. Gasketi ikichanika, hedi itatoka tu.

Cheni mpya ina viungo viwili vyenye rangi ya kung'aa: kimoja hukaa kwenye alama ya sproketi ya krenki, kingine kwenye alama ya sproketi ya kemshafti, pini ya kemshafti ikiwa juu kabisa. Reli zenye mgongo wa chuma zinauzwa, na kurudisha za plastiki tupu ni ubahili wa bure. Krenki izungushwe kwa mkono mizunguko miwili kamili. Viungo vya rangi havitarudi kwenye alama zake, jambo linalowatia hofu wageni wa kazi hii; kinachopaswa kurudi ni alama za sproketi na pini.

Pampu ya oili, inayozungushwa na krenki, hujazwa vaselini ili ivute mara moja. Waya wa koili hutolewa na stata hupigwa hadi taa ya oili izime, ndipo injini iwashwe. Kwenye 22R-E taimingi ya moto hurekebishwa kuwa nyuzi 5 kabla ya pistoni kufika juu, tundu za T na E1 za soketi ya ukaguzi zikiwa zimeunganishwa kwa waya.

Hilux ya dizeli yenye injini ya 2L haihusiki hapa, kwa kuwa hutumia mkanda. Vitz na Probox zenye 1NZ-FE zina cheni, ila kemshafti ni mbili na alama zake ni nyingine kabisa.