Mambo ya Kuzingatia Biashara Inapochagua Fayawoli

Fayawoli ni kifaa au programu inayokaa kati ya mtandao wa ndani wa biashara na intaneti, ikikagua mawasiliano yanayoingia na kutoka na kuzuia yasiyoruhusiwa. Umuhimu wake nchini Tanzania umeongezeka tangu Mei 1, 2023, ilipoanza kutumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayomtaka mkusanyaji wa taarifa za wateja kuzilinda ipasavyo.

Kasi: Kasi inayotangazwa mara nyingi hupimwa ukaguzi wa kina ukiwa umezimwa. Mnunuzi aombe kipimo kilichofanyika ukaguzi wote ukiwa umewashwa, ukiwemo wa mawasiliano yaliyosimbwa, kisha akilinganishe na kasi ya intaneti anayolipia.

Gharama: Bei ya kifaa si gharama yote. Leseni za kutambua virusi na mashambulizi mapya hulipiwa upya, aghalabu kila mwaka. Zikiisha, kinga hupungua ilhali kifaa kinaendelea kuwaka.

Kanuni: Msingi ni kuzuia yote, kisha kuruhusu yanayohitajika pekee. Lango namba 3389, linalotumika kuendesha kompyuta za Windows kutoka mbali, lisiachwe wazi kwa intaneti. Aidha, mtandao wa wageni utenganishwe na kompyuta za mauzo.

Usimamizi: Biashara isiyo na mtaalamu wake ihakikishe, kabla ya kununua, kuwa ina mkataba wa matengenezo, kwani fayawoli isiyosasishwa inaweza yenyewe kuwa njia ya wahalifu kuingia.