Kodi ya mbele nyumba inapouzwa (Kirumba)
Kodi ya mbele ni fedha anayolipa mpangaji kabla ya kuhamia, mara nyingi ya miezi 3, 6 au 12. Huko Kirumba, kata ya Manispaa ya Ilemela yenye soko la samaki la Mwaloni, kodi hiyo ndiyo hasa hushika nafasi ya amana. Ugomvi huzuka nyumba ikiuzwa: mwenye nyumba wa zamani ameshaitumia kodi hiyo, mpya anaidai upya. Hiyo ni dhuluma, kwani anayenunua nyumba yenye mpangaji hurithi na mkataba wake mpaka muda uishe. Kuuongeza baada ya hapo ni mapatano. Hii ni kwa sababu sheria ya 1984 ya kudhibiti kodi za pango ilifutwa mwaka 2005. Mkataba ulioshuhudiwa na mwenyekiti wa mtaa, pamoja na risiti, humpa mpangaji nguvu mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.