Baiskeli ya Black Mamba

Ni nini: Baiskeli nyeusi ya chuma, magurudumu ya inchi 28, breki za vyuma badala ya waya na keria nzito nyuma.

Asili: Muundo huu ulitoka Uingereza. Kampuni ya Raleigh, iliyotengeneza baiskeli za aina hii, ilianza Nottingham katika miaka ya 1880. Baadaye zikaja Phoenix za China na Hero za India.

Matumizi: Kuanzia Diani hadi Msambweni, pwani ya kusini ya Kenya, ilibeba nazi, madafu, samaki, mitungi ya maji na abiria. Kodi ya ongezeko la thamani ilipoondolewa kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, bodaboda za injini zilichukua nafasi yake.

Urembo: Tazama madigadi ya nyuma, vipande vinavyoakisi mwanga, dinamo ya taa na riboni za plastiki kwenye usukani. Mwenyewe aliipamba ijulikane kwa mbali.

Watoto: Mtoto asiyefikia kiti alipenyeza mguu chini ya bomba la juu, akakanyaga pedali akiwa amesimama upande mmoja.

Kwa nini imehifadhiwa: Baiskeli kama hizi zililisha familia, zikasomesha watoto. Jasho la waliozikanyaga linastahili heshima.