Jicho la Nzi na Kitambaa cha Buluu

Ramadhani hapa Pap Onditi ina wageni wake. Ukiwasha taa tu baada ya Magharibi, wadudu hao wamefika, wengine mpaka ndani ya bakuli la uji. Usiku mmoja mdogo wangu alimtoa nondo kwenye uji wake akaniuliza, "Kaka, huyu na macho yote hayo, anatuona watu elfu?" Mimi mwenyewe nilikua nikiamini hivyo. Nikasema ngoja nitafute, na kutafuta kukanipeleka Basra kukanirudisha Mbita.

Basra ndiko alikozaliwa Ibn al-Haytham. Mwanzoni mwa karne ya 11, akiwa Cairo, aliandika Kitab al-Manadhir. Alisema jicho halitoi mwanga, linapokea. Lakini hapo kukazuka swali gumu: kama kila nukta ya kitu inatawanya mwanga kila upande, mbona hatuoni vurugu tupu? Akajibu kwamba jicho linauchukua ule tu unaoingia wima. Kwa jicho la mwanadamu jibu hilo halikusimama. Kepler alilirekebisha mwaka 1604. Wadudu yeye hakuwagusa. Ila subiri kidogo.

Jicho la mdudu limeundwa na vijicho vingi (sio kile kijicho cha husuda!). Nzi wa nyumbani ana zaidi ya 3,000 kila upande. Mwishoni mwa karne ya 17, Mholanzi Leeuwenhoek alitazama mshumaa kupitia ngozi ya juu ya jicho la mdudu, akaona miali midogo mingi, yote kichwa chini. Nadhani hapo ndipo imani yetu ya "watu elfu" ilipopata nguvu. Lakini alitazama lenzi peke yake, bila seli zilizo chini yake.

Mwaka 1826 Mjerumani Johannes Müller akaeleza vizuri zaidi. Kila kijicho kinapokea mwanga unaotoka mbele yake tu; wa pembeni unamezwa na rangi nyeusi iliyo kama ukuta baina ya vyumba. Kila kimoja kinatoa nukta moja, na nukta zote pamoja ni picha moja, kama vigae vya msikitini. Si unaona? Jibu la Ibn al-Haytham lilikuwa karibu kabisa, ila kwa nzi!

Wadudu wengi wa usiku, kama nondo wetu, wako tofauti: lenzi nyingi zinaelekeza mwanga kwenye nukta moja ili wafaidi gizani. Sigmund Exner, mwaka 1891, alichapisha picha iliyopigwa kupitia jicho la kimulimuli: dirisha moja, na kanisa moja nyuma yake. Kwa hiyo mdogo wangu alionekana mmoja, tena kwa ukungu.

Sasa Mbita. Kati ya 1900 na 1920 malale iliua watu zaidi ya 200,000 upande wa Uganda wa ziwa letu, na pwani ya huku Kenya haikusalimika. Mwaka 1903, Entebbe, David Bruce alionyesha kwamba mbung'o ndiye mbebaji. Silaha zikawa kufyeka vichaka, kuua wanyama pori na kuhamisha watu. Miaka mingi ikapita kabla watu hawajauliza kwa makini: huyu mbung'o anaona nini?

Kituo cha ICIPE, alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kiliweka kambi ya utafiti Mbita. Ikajulikana kwamba buluu humvuta mbung'o kutoka mbali na nyeusi humfanya atue. Miaka ya 1980 mitego ya vitambaa hivyo ilishonwa Nguruman. Baadaye, kwenye visiwa vya ziwa upande wa Kenya, vipande vidogo vya buluu na wavu vilivyotiwa dawa, vya sentimita 25 kwa 50, vilipunguza mbung'o kwa zaidi ya asilimia 90. Matokeo yalitoka 2015.

Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tena tatizo la afya ya jamii Kenya. Mdogo wangu bado anafunika bakuli lake kwa sahani.