Mdomo wa Sungura: Tusimlaumu Mama

Hata huku Muthangari, Nairobi, ninakoishi, mtoto akizaliwa na mdomo wa sungura nasikia minong'ono ileile ya kwetu Pwani: jicho, jini, ama mamake alimcheka mtu. Jamani, tumtueni mama huyu mzigo. Mdomo wa mtoto huungana kati ya wiki ya nne na ya saba ya mimba. Ubongo na fuvu hukosa kufunga mapema zaidi, ndani ya siku 28 tangu mimba kutunga. Wengi wakati huo hawajajua wana mimba!

Mara nyingi chanzo si kimoja. Urithi huchanganyika na sigara, pombe, kisukari kisichodhibitiwa au dawa za kifafa, hasa valproeti (usiiache ghafla, muone daktari kwanza).

Asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, hupunguza sana kasoro za ubongo na uti wa mgongo, lakini ianzwe angalau mwezi mmoja kabla ya mimba. Tangu 2012 Kenya imelazimisha unga wa pakiti uongezwe virutubishi, foliki ikiwemo. Mahindi tunayosagisha wenyewe hayana nyongeza hiyo. Bi harusi anayetiwa singo aanze vidonge wiki hizohizo.