Kuandaa nyumba kwa ajili ya kuuza

Kuandaa nyumba kwa ajili ya kuuza ni kazi ya kusafisha, kukarabati na kupanga nyumba ili imvutie mnunuzi na kumpatia mwenyewe bei nzuri. Huko Marekani kazi hii imekuwa taaluma ya pekee tangu miaka ya 1970, ikihusishwa hasa na Barb Schwarz, wakala wa nyumba katika jimbo la Washington. Wataalamu wake huondoa picha za familia, hata kukodi samani, ili mgeni aweze kujiona akiishi humo.

Nchini Tanzania, ambako wauzaji wengi humtegemea dalali, maandalizi huanzia nje: kufyeka majani, kusawazisha ua, kupaka rangi ukuta na geti. Ndani hurekebishwa vitasa, swichi, vioo na mabomba. Ni mambo madogo, lakini mnunuzi akiona bomba linavuja hujiuliza ni kitu gani kingine kilichoachwa bila kutunzwa. Unyevu unaopanda kutoka ardhini kupitia msingi hauponi kwa rangi. Baada ya masika plasta humomonyoka tena, hasa pale nyumba ilipojengwa kwa mchanga wenye chumvi, na mnunuzi mzoefu hugonga ukuta kwa kidole kabla ya kutaja bei. Ni afadhali kusema kasoro hiyo na kupunguza bei kuliko kuificha.

Nyaraka nazo ni sehemu ya maandalizi, pengine kubwa kuliko zote. Mnunuzi huomba kuona hati miliki au leseni ya makazi, pamoja na stakabadhi za kodi ya pango la ardhi. Kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU tangu mwaka 2021. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na nyumba ya urithi huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama.

Maandishi "Nyumba hii haiuzwi", yanayoonekana kwenye kuta nyingi za Dar es Salaam, huandikwa kwa kuhofia matapeli au kwa sababu ya ugomvi wa ndugu. Yakifunikwa kwa rangi nyepesi na bado yakasomeka, mnunuzi atauliza ni nani aliyeyaandika.